Anayecheka Pembeni Naye Ana Kazi

Panda matatu yoyote Nairobi asubuhi utasikia watu wawili wakizozana redioni. Mmoja ni mwenye kipindi. Wa pili, kwa wengi wetu, ni "yule anayecheka". Leo nataka kumtetea huyu wa pili, halafu nimdai kitu.

Mchukue Jacob "Ghost" Mulee wa Radio Jambo. Huyu ndiye kocha aliyekuwa na Harambee Stars kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia mwaka 2004. Redioni akaketi kando ya Gidi, yule wa Gidi Gidi Maji Maji waliotikisa nchi mwaka 2002 kwa "Unbwogable". Kwenye Patanisho, Gidi anampigia simu mke aliyekasirika au mume aliyehama. Ghost anaangua kicheko. Watu husema hiyo ni kazi rahisi. Haya, mtoe Ghost uone. Utabaki na mtu mmoja anayehoji ndoa za wenzake mbele ya taifa zima, utadhani uko kortini. Kile kicheko humpunguzia kila mtu presha, hata aliyekosewa.

Na si kucheka tu. Kwa miaka mingi Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i waliteka asubuhi za Classic 105 kwa kutokubaliana. Maina akibeba malalamiko ya akina mama, Mwalimu anasimama na wanaume. Ungemkasirikia mmoja wao, lakini hukuzima redio, maana mwingine alikuwa anakusemea. Marekani nako, Robin Quivers, nesi aliyewahi kutumikia jeshi la anga, alianza kufanya kazi na Howard Stern huko Washington mwaka 1981. Aliletwa kusoma habari. Akawa mtu wa kumuuliza bosi lile swali ambalo msikilizaji hana kipaza sauti cha kuliuliza.

Sasa deni langu.

Machi 2021, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio walikuwa hewani wakizungumzia mwanamke aliyedaiwa kusukumwa na mwanamume kutoka ghorofa ya 12 jijini Nairobi. Mazungumzo yakageuka kuwa lawama kwa wanawake. Kilichofuata mnakijua: kampuni kubwa ya bia ikaondoa matangazo yake, wote watatu wakafutwa kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano ikasimamisha kipindi kwa miezi 6 na kutoza kituo faini ya shilingi milioni 1.

Wengi walibishana ni nani alisema nini. Mimi nauliza swali jingine: breki ya kipindi ilikuwa wapi? Studio yenye watu zaidi ya mmoja ina bahati ambayo mtangazaji wa peke yake hana. Sentensi moja tu, "Hapo umepotoka, ndugu yangu," ingeweza kubadilisha asubuhi nzima.

Najua mtasema mwenza anaogopa. Kweli, jina kubwa kwenye bango si lake, na akimuudhi staa, kesho kiti kina mtu mwingine. Basi lawama ziwafikie mameneja pia. Wanatafuta mtu wa kuchekea utani wa bosi, na akiwa mwanamke mara nyingi anaachiwa kutaja msongamano wa Thika Road na kuchekacheka. Halafu mambo yakiharibika, kicheko hicho hicho kinamponza.

Wengine watasema ni burudani tu, tusiwe wakali. Lakini kubishana ndiko burudani yenyewe! Maina na Mwalimu walijenga jina kwa hilo.

Kwa hiyo meneja, ukimfanyia mtu majaribio ya kazi hii, usimpe vichekesho asome. Mweke studio na staa wako, mwambie staa aseme jambo la kijinga makusudi, kisha sikiliza. Akicheka na kunyamaza, endelea kutafuta.

Nyinyi mwaonaje?