Habari za kikundi ni kazi ya wanachama wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa vikundi vya kuweka na kukopa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, na vingi vina katiba, daftari na ubao wa matangazo. Lakini ubao wa kikundi chetu ulikaa miezi minane na tangazo la mkutano uliokwisha kupita. Tulimlaumu katibu, ilhali hakuna aliyempelekea habari.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa tumegawana zamu: kila wiki wanachama wawili huandika ubaoni hisa zilizonunuliwa, mikopo iliyorejeshwa, wagonjwa na misiba, hata bei ya mahindi sokoni. Asiyejua kuandika husimulia, mwenzake akaandika. Watu wameanza kusimama na kusoma, na maswali mkutanoni yameongezeka.

Naviomba vikundi vingine vifanye hivyo. Habari ikitoka kwa wote, kikundi nacho huwa cha wote.

Wako,
Mwanakikundi,
Morogoro