Gari likipinduka, tusimsingizie Mungu

Gari linapopinduka na watu wakafa, msibani hatukosi kusikia maneno mawili: "Ajali haina kinga" na "Ni mapenzi ya Mungu." La kwanza ni methali, la pili tunaliita imani. Kwa ajali nyingi za namna hii, yote mawili si kweli.

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwisraeli anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushie ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Mungu hakusema waombe tu watu wasianguke. Alisema wajenge. Asiyejenga, damu ya aliyeanguka iko juu ya nyumba yake.

Sasa tutazame barabara zetu. Wakazi wa Kibaha wanaishi na Barabara ya Morogoro, malori na mabasi usiku na mchana. Wa Kisarawe wanapanda na kushuka vilima vya Pugu. Huko gari halipinduliwi na pepo. Mwendo ukiongezeka mara mbili kwenye kona ileile, nguvu inayolisukuma gari nje huongezeka mara nne. Mizigo ikirundikwa kwenye keria, uzito hupanda juu na gari huyumba kirahisi. Tairi kipara hupasuka. Dereva mwenye usingizi huacha lami, gurudumu huingia kwenye mchanga, naye akishtuka na kukata usukani ghafla, gari hubiringika. Yote haya yana mkono wa mtu.

Hata baada ya gari kupinduka, bado kuna la kuchagua. Agosti 10, 2019, kwenye barabara hiyohiyo ya Morogoro, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walikimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100.

Nasi wa kanisani tumo. Kwaya inatoka Kibaha kwenda kuimba Kisarawe. Basi dogo la watu 30 linabeba 45, spika na magitaa vinafungwa juu. Tumechelewa, tunamwambia dereva akanyage mafuta. Kisha mmoja anasimama, anaomba Bwana atufunike kwa damu yake, na wote tunaitikia "Amina."

Shetani alimweka Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini kwa kuwa malaika wangempokea. Yesu alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Sala ya safari ni njema, lakini kuisali ndani ya gari tulilolijaza wenyewe kupita kiasi ni kujitupa kutoka kwenye kinara.

Kwa hiyo kila safari ya kanisa iwe na mzee mmoja mwenye mamlaka ya kuhesabu watu na kusema, "Gari limejaa, wengine wasubiri." Akague tairi, aulize dereva alilala saa ngapi, amkumbushe kilomita 50 kwa saa kwenye makazi na 80 kwa basi nje ya makazi. Nawe mwenye basi unayeketi kiti cha mbele ibadani, usimpangie dereva wako hesabu ya siku ambayo hawezi kuifikisha bila kukimbia.

Huo ndio ukuta wa dari yetu. Tuujenge kwanza, ndipo tufumbe macho tuombe. Bwana atupe ujasiri wa kumwambia dereva, "Punguza mwendo." Amina.