Barua ya Uhamisho

Hapa Tukuyu mvua ya juma hili haikutupa nafasi hata ya kuanika nguo.

Jirani yangu alikuja jikoni kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni mjane, anauza ndizi pale Kiwira kando ya barabara ya Mbeya. Binti yake yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha mbali. Tangu mama aanze kuumwa kiuno hawezi tena kubeba mkungu, na wadogo wawili bado wako shule ya msingi. Kwa hiyo binti anaomba kuhamia chuo kilichopo Mbeya, ili kila mwisho wa juma aweze kuja nyumbani kusaidia.

"Dada, hebu nisomee," akaniambia. "Nimeilipia, lakini sijui inasema nini."

Nikasoma. Kiingereza kilikuwa kizuri, maneno makubwa makubwa, na ndani yake hamkuwa na mtu. "Sababu za kifamilia zisizoepukika," basi. Hakuna mjane, hakuna kiuno, hakuna ndizi. Aliyeitunga ni kijana wa dukani anayechapa barua za watu, na sina shaka kwamba barua hiyo anayo tayari, hubadilisha jina tu.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeona barua nyingine ya namna hiyo, ya kijana ambaye baba yake ana cheo. Hiyo ilikuwa na tarehe, vyeti vimeambatishwa, na mjomba wake mwanasheria aliipitia mara mbili. Sababu yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa joto la huko aliko. Lakini ukiisoma utatoa machozi!

Hapa kwetu mtoto anapoingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza hutazamwa alama zake. Hakuna anayemwuliza maisha ya nyumbani kwao. Akitaka kuhama, alama bado zinahesabiwa, maana lazima awe na sifa za kozi anayoiomba na nafasi iwepo, na utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu ufuatwe kwa wakati wake. Ila sasa anatakiwa pia aeleze kwa nini. Hapo ndipo kalamu inapoanza kuwatenga watoto wetu.

Tusidhani ni shida ya Rungwe peke yake. Katika Chuo Kikuu cha California, Marekani, kila mwombaji huandika habari zake, na hata anayehamia kutoka chuo cha miaka miwili hujibu maswali manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Mwaka 2021 watafiti walitoa matokeo ya kuchunguza insha 240,000 za waombaji 60,000 wa chuo hicho. Waliona kwamba mambo yaliyoandikwa na namna yalivyoandikwa vilifungamana na kipato cha nyumbani kuliko hata alama za mtihani wao wa SAT. Na wale wako katika nchi inayozungumza Kiingereza! Wetu huongea Kinyakyusa na mama, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wanaanza kufundishwa kwa Kiingereza. Kwa lugha hiyo wamejibu mitihani mingi, lakini hawajawahi kuisimulia taabu ya mama yao.

Tena kuna aibu. Nilipompigia binti simu kumwuliza kwa nini hakueleza mambo yalivyo, alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, sikutaka wajue kwamba tunaishi kwa ndizi." Nilikasirika kidogo, nakiri. Ndizi hizo ndizo zilizomfikisha huko.

Jumapili mchana tuliketi, mama yake na mimi, binti akiwa kwenye simu. Nikamwambia aandike kwanza kwa Kiswahili, kama anavyozungumza. Mama akatoa mfuko wa plastiki kutoka chini ya godoro: kadi ya hospitali, cheti cha kifo cha mume wake, cheti cha kuzaliwa cha binti. Binti hakujua kwamba kadi ile ilikuwa na tarehe saba za matibabu. Je, wewe mwenzangu, watoto wako wanajua karatasi zako ziko wapi? Mwenye mkopo wa serikali akumbuke pia kumweleza afisa mikopo wa chuo chake mapema, asije akahama yeye na fedha zikabaki nyuma.

Kiingereza alikiweka mwenyewe jioni ile. Barua mpya ina ukurasa mmoja tu. Alipotusomea, akitafsiri, alifika mahali panaposema kwamba zamani mama yake alibeba mikungu minne kwa siku na sasa habebi hata mmoja.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Si minne. Ilikuwa sita."

Binti akafuta, akaandika sita.