Nguruzi Iliyoganda na Siku Nyeupe

Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Lamu aliyeolewa Kendu Bay, ametuuliza la kufanya juu ya nguruzi iliyoganda katika mashua waliyoinunua na wenzake wa chama. Kwa vijana waliokulia mbali na ufuo, nguruzi ni kizibo cha mti kinachoziba tundu la chini ya chombo. Chombo kikiwa nchi kavu hung'olewa ili maji ya ngama yatoke. Huenda wako watakaosema kuwa hayo ni ya mabaharia. Sisi twaona ni ya nyumba.

Katika fuo za Homa Bay na Migori, tangu Mbita hadi Sori na Muhuru Bay, mwanamke mchuuzi humtegemea mwenye mashua, na wako wavuvi wasiomuuzia samaki ila kwa sharti la kulala naye. Ada hiyo huitwa jaboya, na imeeneza maradhi ya UKIMWI. Mashua yake mwenyewe, basi, ni stara yake. Huko Nduru, kaunti jirani ya Kisumu, wanawake walipata mashua zao mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa nia hiyo hiyo. Nyingine zikachakaa, na mafuriko ya 2020 yakaukumba ufuo wenyewe. Kuipata mashua ni nusu ya kazi.

Ziwa si bahari. Maji ya chumvi hula chuma, na funza wake hutoboa mbao. Ziwani funza hao hawamo, lakini maji baridi huozesha mti upesi zaidi. Tena pwani, wakati wa bamvua, chombo hupwelezwa, maji yakapwa, fundi akaingia chini yake bila kumwajiri mtu. Ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa kutegemewa: mashua huvutwa kwa mikono ya watu, na mikono hiyo hutaka malipo. Hapo ndipo kazi inapoahirishwa mwezi baada ya mwezi, mti ukinywa maji na kufura, hata nguruzi ikawa kama imeota ndani ya ubao.

Wavuvi wa omena hutumia taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki. Mashua hupumzika na vijana huwa ufuoni. Siku hizo ni zile zile tunazoziita siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu, ambazo kuzifunga ni sunna. Apatane na wavutaji kabla ya siku hizo, na kazi yao iwe jioni, maana huenda wamo waliofunga.

Mashua ikishapanda, iwekwe kivulini siku moja au mbili. Juani mbao hupasuka na maungio hufunguka, hata kalafati nzima ikaharibika. Nguruzi iliyotiwa kutoka ndani isipigwe kutoka ndani, kwani huzidi kukaza na kuupasua ubao. Igongwe taratibu kutoka chini kwa nyundo ya mti, na mafuta ya nazi yatiwe pembeni mwake. Ikikataa kabisa, fundi aitoboe katikati na kuitoa vipande vipande. Nguruzi ni ya senti chache. Ubao wa chini sivyo.

Mpya ichongwe kwa mti laini kuliko ubao, ivikwe pamba iliyolowa mafuta, wala isikazwe kwa nguvu zote, maana maji yatamalizia kuikaza. Matambara na mifuko ya plastiki si vizibo. Fundi akiwa chini aitazame pia kalafati ya maungio, kwa kuwa kuivuta mashua mara mbili ni gharama mara mbili.

Hata mashua za matanga za kisasa zinazotia nanga Kilifi, zenye koki za madini mahali pa nguruzi, hufungiwa kando ya kila koki kizibo cha mti cha akiba. Ya chama nayo ifungwe kwa kamba karibu na tundu, na mfua maji aonyeshwe ilipo kabla ya safari ya kwanza.