Usitupe mbachao

Majuzi nilikwenda Amukura kumjulia hali shangazi yangu. Nilipoomba maji ya kunywa nilipigwa na butwaa: mtungi ulikuwa umefunikwa kwa sahani ya santuri! Niliipangusa vumbi, nikasoma jina kwa sauti. Kumbe ni gita la huku huku kwetu Magharibi. Nyingine, alisema shangazi, watoto walizirusha uwanjani zikavunjika. Sikuwalaumu, kwani gramafoni ya marehemu mumewe iliuzwa zamani.

Sahani za kale hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, ndiyo maana huvunjika kama kigae.

Huko Marekani, wapenzi wa muziki wa bluzi walibisha hodi nyumba kwa nyumba wakisaka sahani kama hizo. Wimbo mmoja wa mwaka 1928 uliotaja kijiji cha Avalon uliwafikisha kwa Mississippi John Hurt mwaka 1963. Mzee alikuwa hai, akarudi jukwaani.

Mwaka huo huo wa 1963, sisi tulimpoteza George Mukabi, fundi wa omutibo, mtindo wa kucharaza gita kwa vidole huku mwenzako akikwaruza chupa ya soda. Nyimbo zake zilibaki kwenye sahani zilizotawanyika majumbani. Mwaka 2017 baadhi zilikusanywa na kutolewa upya Marekani kwa jina Furaha Wenye Gita. Leo wageni wanamsikiliza, ilhali vijana wetu wengi hawamjui!

Je, unazo sahani kama hizo? Zisimamishe kama vitabu, usizilundike. Ziepushe na jua. Andika ni nani aliyezinunua na lini. Akija mnunuzi, usimuuzie kwa bei ya chupa tupu. Mwambie anakili nyimbo, akuachie sahani yako, na umuulize jamaa ya mwimbaji watapata nini.

Mimi nilikwenda sokoni Malaba nikamnunulia shangazi kifuniko cha mtungi, nikitumaini atanipa ile sahani. Wapi! Tangu asikie lile jina hakuiachilia mkononi.

"Mwanangu, hii ndiyo tuliyoicheza siku ya harusi yangu," aliniambia, akaifunga kwa leso na kuitia sandukuni.

Wewe, mtungi wako umeufunika kwa nini?