Tairi za Saizi Tofauti: Akiba Inayokula Mtaji

Wafanyabiashara wengi wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne wana tabia ambayo kwa maoni yetu ni hasara tupu. Tairi mbili zikiisha, mtu hupita madukani, akakuta za saizi nyingine kwa bei nafuu, akazifunga nyuma na kujipongeza kwamba ameokoa fedha.

Tufanye hesabu. Tairi jipya la 235/85R16 lina kipenyo cha karibu milimita 806, na la 265/70R16 milimita 777. Yote mawili ni ya rimu ya inchi 16, na kwa macho tofauti ni ndogo. Lakini katika kila kilomita, la kwanza huzunguka mara 395 na la pili mara 409.

Katika pikapu nyingi za mizigo, dereva akiingiza fowili, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke sawasawa. Mizunguko hiyo 14 haina pa kwenda. Kwenye tope tairi litateleza na mambo yataisha. Kwenye lami, mzigo wote huangukia giaboksi, propela na difu.

Wapo watakaojibu kwamba fowili wanaiingiza kwenye tope tu. Sawa, lakini barabara za masika hubadilika kila baada ya hatua chache, na dereva aliyechoka husahau kuitoa.

Wenye magari yanayovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama Subaru nyingi, hawana hata utetezi huo. Kwa magari hayo, mzingo wa tairi unatakiwa usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Tairi jipya lenye meno ya milimita 8 likifungwa na lililobaki na milimita 3, tofauti ni milimita 31, hata kama namba za ubavuni ni zile zile.

Ushauri wetu ni huu: tenga fedha ya tairi nne kama unavyotenga ya bima. Ukikwama, nunua mbili za saizi ile ile zenye uchakavu unaolingana na zilizobaki. Na unayenunua gari lililotumika, soma namba za tairi zote, pamoja na spea, kabla ya kutaja bei. Zikitofautiana, dai difu na giaboksi zikaguliwe kwanza. Rahisi huvunja upishi, na gari likilala gereji, mzigo wa wateja nao hulala.