Makamanda wa usiku ule wajibu

Mhariri,

Usiku mmoja wa Agosti 2017, polisi wakiwasaka waandamanaji Nyalenda, Kisumu, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu kichwani akiwa mikononi mwa mamaye. Februari 2019 hakimu aliamua kuwa polisi ndio wa kulaumiwa. Ikabidi tungoje hadi Oktoba 2022 ndipo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aidhinishe mashtaka, kisha washukiwa kuyajibu kukaahirishwa mara kadhaa. Haraka iliyoje!

Mimi sitaki askari wa cheo cha chini abebeshwe mzigo peke yake. Nani aliamuru milango ya nyumba za Nyalenda ivunjwe usiku ule? Kikosi hakijitumi chenyewe. Huduma ya Polisi ifikishe kumbukumbu za operesheni ile mahakamani, na wanaoshtakiwa wasimamishwe kazi mpaka hukumu itolewe.

Msomaji,
Kisumu